UZI: Bajeti ya Mombasa, bima ya dhima na pesa za dharura. Nani hasa analindwa hapa?

Mzee wa Faili

Assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Msimamizi, naomba uzi huu uuache hapa kwenye mambo ya kaunti, usiuhamishie kule kwa biashara kisa una neno bima.

Tuko ndani ya ule msimu. Makadirio ya bajeti yapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Katikati hapo ndipo tunapoitwa ukumbini, tukapewa maji ya chupa na kitabu kizito ambacho wengi wetu tunakiona asubuhi hiyo hiyo, tukaambiwa haya, toeni maoni. Na zogo huwa ni lile lile. Mmoja anasimama: kwa nini tulipe kampuni za bima mamilioni na watu wa zimamoto hawana vifaa? Mwengine naye: kaunti ikishtakiwa na mtu aliyevunjika mguu mtaroni, atalipa nani? Wanapigiwa makofi wote wawili, kisha tunaenda kula.

Mimi nimekula chumvi kwenye ofisi za bima hapa mjini, meza ya madai, si meza ya mauzo, kwa hivyo sina kamisheni ya mtu. Ninachosema ni kwamba hawa wawili hawagombanii pesa moja. Wamechanganya mifuko, na waheshimiwa wanafurahi ikichanganywa, kwa sababu pesa ikishachanganyika hakuna wa kuulizwa.

Katiba, Jedwali la Nne sehemu ya pili, imeipa kaunti zimamoto na kushughulikia majanga. Sehemu ya kwanza ya jedwali hilo hilo imeipa serikali kuu majanga pia, ndiyo maana jambo likitokea kila mmoja humtazama mwenzake. Lakini mitaro ya mitaani, masoko kama Kongowea na Marikiti, hospitali ya Makadara, magari ya taka, hayo ni ya kaunti na hayana ubishi.

Sasa mfuko wa dharura. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kuanzia kifungu cha 110, inairuhusu kaunti kuuanzisha bunge likikubali. Likitokea jambo la haraka lisilotarajiwa, waziri wa fedha wa kaunti anatoa pesa bila kungoja bajeti mpya, kisha ana miezi 2 ya kurudi bungeni kuomba idhini. Kwa mwaka mmoja hawezi kupita 2% ya mapato yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Tuseme kwa mfano kaunti ilipata bilioni 10: dari ni milioni 200. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333, kwa hivyo hiyo ni kama shilingi 165 kwa kila kichwa. Nauli ya kwenda na kurudi, si zaidi.

Na hizo 165 tunazitumia kwa nini? Kwa mvua ya Mei! Jamani, mvua ya Mei haikutarajiwa na nani? Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Wazee walijua, watu wa hali ya hewa wajua, mpaka muuza miavuli wa Digo Road ajua, kwa kuwa yeye mzigo wake huagiza mapema. Hata ile El Niño ya 2023 ilitangazwa, ikakanushwa, kisha ikanyesha. Kuzibua mtaro wa Majengo mwezi wa Februari ni kazi ya kawaida, na pesa yake yafaa ikae kwenye bajeti ya kawaida, na mstari wake, na jina la wadi.

Tuje kwenye bima ya dhima, ambayo ndiyo iliyonitoa kitandani kuandika. Hii ni bima ya kumlipa mtu mwengine aliyeumizwa na uzembe wako: aliyetumbukia, aliyeangukiwa na ukuta wa soko, aliyegongwa na gari lako la taka. Kuna faili moja sitalisahau. Lilikuwa la baraza moja la mji huku pwani, enzi zile kabla ya kaunti, na silitaji. Mama muuza viazi karai alitumbukia usiku kwenye mtaro ambao slebu yake, kile kifuniko cha zege, ilikuwa imeng'olewa. Orodha ya hasara aliiandika mwanawe kwa kalamu nyekundu: karai 1, mafuta lita 5, viatu jozi 1, na chini kabisa, mguu. Fomu ya madai ina swali: mtaro huu ulikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani? Kuna mistari mitatu ya kujibia. Afisa wa baraza aliandika maneno mawili: "Kila mara." Hana tarehe, hana jina la fundi, hana daftari. Kampuni ikakataa kulipa, na kwa ile karatasi mimi mwenyewe sikuona pa kuibishia.

Mtasema basi, bima ya nini ikiwa wanakataa? Sikilizeni upande wa pili. Ukiishtaki kaunti ambayo haina bima, ukashinda, dalali hawezi kuja kubeba viti vya ofisi. Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali, kifungu cha 21, inazuia mali ya serikali kukamatwa, na kaunti nazo zimo. Unapewa cheti cha deni. Halafu unarudi mahakamani kwa kesi nyingine, kumlazimisha afisa anayesimamia fedha alipe. Asipolipa, unarudi tena kwa kosa la kudharau mahakama. Wakati huo wewe uko kwenye foleni ya bili zisizolipwa, pamoja na wakandarasi na mawakili, na Mombasa yetu haikosekani kwenye ripoti za Mdhibiti wa Bajeti panapotajwa kaunti zenye madeni makubwa ya aina hiyo.

Kwa hivyo wanaosema bima ni ya kuilinda kaunti wanaisoma kinyume. Kaunti ishalindwa na sheria. Asiyelindwa ni yule mama wa viazi karai. Kampuni ya bima ikiwa imeikubali dhima, inaandika hundi. Haina mkono wa serikali wa kujifichia. Mimi naiunga mkono bima hiyo kwa sababu yake yeye, na kwa sharti kwamba tuione pia pesa ya daftari, ya fundi na ya slebu. Bila hivyo itakuwa "kila mara" nyingine.

Karibuni.

---

Hesabu Kali

Mzee, heshima yako. Nina mawili.

Kwanza, umemkaba waziri wa fedha bure. Kifungu cha 112 kinaeleza jambo lisilotarajiwa kuwa ni tukio linalotishia uhai au ustawi wa watu, au mazingira. Hakikusema lazima liwe geni. Maji yakiingia nyumbani mwa watu Mei, huo ni uhai na ustawi, anaweza kulipa.

Pili, na hili ndilo kubwa. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijapokelewa. Mgao wa kaunti kutoka Nairobi huchelewa, mara nyengine miezi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, pesa inaingia lini? Kwa hivyo kuna wiki ambazo kaunti yaweza kuwa na barua nzuri ya broka mkononi na haina bima yoyote. Aliyetumbukia wiki hizo ni shauri yake.

Mimi ningeweka pesa hiyo kwenye akaunti ya fidia ya kaunti yenyewe, tulipe madai madogo moja kwa moja. Kwa nini tumtajirishe broka?

---

Mzee wa Faili

Hesabu Kali, kwenye kifungu cha 112 uko sawa, sheria yamruhusu alipe maji yakishaingia. Haijamkataza kuzibua yasiingie. Lakini usiishie hapo, soma na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 103. Kununua moja kwa moja bila ushindani kwa sababu ya haraka kunaruhusiwa tu ikiwa haraka hiyo haikuweza kuonekana mbele na haikusababishwa na uzembe wa anayenunua. Hapo ndipo penye utamu wa dharura, ndugu yangu. Mchimbaji wa mtaro wa Februari hupatikana kwa tenda ya watu watano. Wa Mei hupatikana kwa simu.

La ada umenena. Dawa yake ni mkataba uanze siku ambayo pesa huwa ipo, si lazima Julai 1. Unaweza kuuanza Oktoba, ukalipia mwaka mzima, ukavuka Juni bila pengo. Ni kazi ya mchana mmoja kati ya hazina ya kaunti na kampuni.

Akaunti ya fidia naikubali kwa madai madogo. Kwa makubwa itakauka kesi ya pili. Na akaunti ya kaunti haina mkaguzi wa kutoka nje anayeuliza maswali. Mtu wa bima, kabla hajakupa bei, huja kuangalia. Atauliza gari la zimamoto lilifanyiwa huduma lini, ngazi ya dharura ya soko inaelekea wapi, na kwa nini pale pana meza ya nguo. Hakuna mtu kwenye ule ukumbi wa maoni aliyewahi kuuliza hayo.

---

Bint Kibokoni

Ami, mambo ya kifungu mtajuana. Mimi nakaa Mji wa Kale na nataka kusema kuhusu moto.

Gari kubwa la zimamoto haliingii kwetu. Vichochoro hivi vilijengwa kwa watu na punda, na tangu 1990 ni eneo la hifadhi, kwa hivyo hakuna wa kuja kubomoa apanue, na hatutaki. Nyumba zimeshikana, boriti za mikoko, dari kavu za miaka na miaka, juu nyaya za stima zimesukwa. Kulishika moto kwa jirani usiku, nyuma ya kwetu. Vijana walipanga mstari kutoka kisima cha msikiti, ndoo kwa ndoo, wanawake tukajaza madumu. Gari lilikuja, likasimama barabarani, mpira ukakosa urefu. Kuna bomba la zimamoto karibu na hapo ambalo mzee mmoja alilikumbuka. Walilitafuta kwa tochi za simu. Liko chini ya baraza la duka, limezibwa kwa simenti na vigae vya rangi ya maziwa, vizuri kabisa, fundi hodari.

Moto ulizimwa na ndoo. Sasa niambie, bima ingezima nini?

Twataka vitu vidogo. Pampu za kubebwa mkononi, mipira mirefu iwekwe mtaani kwa mtu anayejulikana, mabomba yote ya zimamoto yatafutwe yapakwe rangi, na vijana wale wale wa ndoo wafunzwe. Hiyo ni pesa kiasi gani kwa kaunti? Lakini ukisema pampu ndogo hakuna anayekusikiza, kwa kuwa gari jipya ndilo lenye kukatwa utepe.

---

Mzee wa Faili

Bint Kibokoni, bima isingezima kitu, na ndiyo maana sikuuliza "bima au maandalizi". Hilo lako la vigae ningetamani lisomwe bungeni neno kwa neno.

Nakuongezea silaha moja tu. Kaunti ikinunua bima, orodha ya mabomba ya zimamoto yanayofanya kazi ni mojawapo ya karatasi za kwanza ambazo mkaguzi ataitisha. Nyinyi mkiwa mshaitengeneza, mtaa kwa mtaa, na picha, mtakuwa mmefika mbele ya kaunti yenyewe.

---

Tuktuk ya Makupa

Naona mmesoma wote hapa 😂 Mimi nauliza la mtaani. Ndugu yangu alitumbukia na pikipiki kwenye shimo la maji taka lisilo na kifuniko, njia ya ndani si barabara kuu. Mkono hadi leo haunyooki. Ilikuwa mwaka juzi. Anaweza kushtaki?

---

Mzee wa Faili

Pole kwa ndugu yako. Aende kwa wakili haraka, asitegemee uzi. Lakini ajue hili: kumshtaki mtu binafsi kwa madhara kama hayo una miaka 3. Kuishtaki serikali, ile Sheria ya Ukomo kwa Mamlaka za Umma inakupa miezi 12 tangu siku ya tukio. Watu wengi wanapoteza haki zao hapo, kwa sababu wanangoja mfupa upone ndipo wafikirie kesi.

Hilo nalo ni jambo la kupeleka kwenye maoni. Kaunti ingekuwa na dawati moja la kupokea taarifa za ajali, ukapewa nambari siku ile ile, wala usingehitaji wakili kwa mguu ulioteguka.

---

Shangazi wa Mikindani

Mimi nimenyamaza nikisoma, lakini hamuwezi kuongea fidia Mombasa na msitaje mtaa wa Owino Uhuru. Iko hapa kwetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri, madini ya risasi kwenye damu za watoto. Kesi ikaamuliwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa Julai 2020, bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni watoto wamekuwa wakubwa kiasi gani humo katikati.

Sasa mzee, hiyo bima yako ingelipa?

---

Mzee wa Faili

Shangazi, hapana. Na nashukuru umeuliza wewe.

Bima ya dhima ya kawaida huwa na ukurasa wa yasiyolipwa, na uchafuzi wa pole pole karibu daima umo. Bomba likipasuka ghafla leo, mara nyengine inalipa. Sumu inayotiririka mwaka baada ya mwaka hailipi, isipokuwa ukinunua bima ya pekee ambayo bei yake itamfanya MCA wako, mwakilishi wa wadi, akae chini.

Na tuwe waadilifu: katika hukumu ya 2020 mzigo uligawanywa kati ya kampuni na taasisi za serikali kuu, NEMA, ile mamlaka ya mazingira, peke yake ikabebeshwa 40%. Mahakama iliwaangalia waliotakiwa kukagua na kutoa leseni, ikawauliza mlikuwa wapi. Kaunti nayo inatoa leseni za biashara kila Januari. Kila ile karatasi inayobandikwa ukutani ni ahadi kwamba mtu alikwenda akaangalia. Kuna wadi ngapi ambako alikwenda?

Ndiyo maana nawaambia watu, mkipewa kitabu cha bajeti msitafute neno bima peke yake. Ulizeni nakala ya mkataba, mfungue ule ukurasa wa yasiyolipwa kwanza. Ulizeni pia makosa ya matibabu yamo au la, kwa kuwa hospitali ni za kaunti, na hilo kwa kawaida hukatiwa mkataba wake mbali. Na ulizeni mkataba unaangalia siku ya ajali au siku dai lilipopelekwa. Kaunti ikibadilisha kampuni kila mwaka kufuata bei, madai yanaweza kuanguka katikati, kampuni ya zamani inasema sisi tushatoka, mpya inasema sisi tulikuwa hatujaingia.

---

Mwana Likoni

Wallahi nyinyi watu wa kisiwani mna bahati, mwazungumza mitaro. Sisi kila siku twavuka.

Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilizama, wakafa watu 272. Nyumba nyingi upande huu zina mtu. Septemba 2019 gari likateleza nyuma kutoka MV Harambee, mama na bintiye, dunia nzima ikaona video, na ikachukua siku 13 kuwatoa. Siku 13 kwenye mkondo ambao twaweza kutupa jiwe likavuka! Wapiga mbizi wa kienyeji walikuwepo, wanamaji walikuwepo, mpaka wakaletwa na wa Afrika Kusini.

Msiniambie feri si ya kaunti. Najua. Waliokufa walikuwa wa kaunti gani?

---

Hesabu Kali

Mwana Likoni, hapo naungana nawe kuliko na mzee. Umiliki ni wa serikali kuu, sawa, lakini hakuna sheria inayokataza kaunti kuwa na kikosi cha uokoaji wa majini, boti zake, na orodha ya wavuvi na wapiga mbizi wa Mtongwe, Likoni na Mji wa Kale wanaolipwa kwa siku wakiitwa. Fukwe zetu zaanzia Shelly hadi Bamburi. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipofika huku ilimuua mtu mmoja tu Kenya nzima, na watu wa fukweni walipata kuondolewa, lakini ilichukua saa kadhaa kutufikia kutoka Sumatra. Jambo likitokea kivukoni hakuna saa kadhaa.

Hilo ndilo la pesa ya maandalizi. Mishahara ya watu kumi na boti mbili, si mfuko wa dharura, si bima.

---

Mke wa Zimamoto

Mzee wangu, na wao je? Mume wangu huingia kwenye moto. Buti amenunua mwenyewe.

---

Mzee wa Faili

Mwanangu, hao wana sheria yao, ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya hayo. Akifariki kazini, walioachwa wanalipwa mishahara ya miezi 96. Akiumia kiasi, kuna jedwali la asilimia kwa kila kiungo. Ajali yoyote, hata ndogo, ahakikishe imeandikwa kwenye kitabu cha stesheni siku ile ile na apate nakala ya karatasi ya daktari. Na buti ni jukumu la mwajiri, atunze risiti.

---

Ustadh wa Bondeni

Naongeza la kwangu kwa ufupi. Baadhi yetu tuna tatizo na bima ya kawaida kwa ajili ya riba na gharar, yaani mashaka ndani ya mkataba. Takafuli ipo nchini tangu 2011, ni watu kuchangiana. Je, sheria inazuia kaunti kuikata dhima yake huko?

---

Mzee wa Faili

Ustadh, ikiwa kampuni imesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima na imeshinda tenda, sioni kizuizi. Swali ni kama ina misuli ya kubeba dhima ya mji mzima, na hilo laulizwa kampuni yoyote.

---

Mswahili wa Ughaibuni

Nawasoma kutoka Marekani, mji mdogo ambao ukilala gari moshi unaupita. Baraza letu hapa huketi kila mwaka kwa jambo hili hili mnalolijadili: ada ya bima ya dhima imepanda, na mkuu wa zimamoto anataka redio mpya na jenereta. Watu kumi na wawili kwenye viti, watatu wamesinzia.

Nitawapa walichofanya hawa. Katikati ya miaka ya 1980 bei ya bima za dhima ilipaa huku, miji mingi ikakosa kampuni ya kuikubali. Ikachanga mifuko ya pamoja, miji na wilaya za shule, wakawa wanajikatia wenyewe na kununua bima ya juu kwa yale makubwa tu. Mifuko hiyo ipo mpaka leo. Mtu wa mfuko huja hapa kwetu kupima bembea za watoto kwa futi mkononi, nati kwa nati. Ukifundisha madereva wako, ada inashuka. Ukikaidi, inapanda, na baraza lote linajua ni idara gani iliyoipandisha.

Nyinyi si mna Jumuiya ya Kaunti za Pwani? Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, Taita Taveta. Sita tayari mmekaa meza moja.

---

Hesabu Kali

Hapa ndipo uzi umenikamata. Mfuko wa kaunti sita wajibu lile langu la akaunti kukauka kesi ya pili. Ila tatizo nalijua: nani atachanga kwanza na nani atachanga "mwezi ujao". Tana River na mafuriko yake ya mto hawezi kulipa sawa na Mombasa yenye malori na hospitali kubwa. Lazima hatari ya kila mmoja ipimwe, na hakuna anayependa kuambiwa yeye ndiye ghali.

Kwa mafuriko yenyewe, si dhima, kuna mtindo wa Karibiani. Tangu 2007 nchi za kule zina mfuko wa pamoja uitwao CCRIF. Haungoji mtu kuja kuhesabu mabati yaliyong'oka. Kipimo cha upepo au mvua kikifika kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, pesa inatoka ndani ya siku 14. Ubaya wake, nyumba yako yaweza kuzama na kipimo kisifike.

---

Mzee wa Faili

Mswahili wa Ughaibuni, asante. La kaunti sita naliunga mkono kuliko bima ya Mombasa peke yake, na kwa sababu ile ile ya kwangu ya mwanzo: majirani watano watataka kuona daftari lako kabla hawajakubali kulipia mtaro wako. Mkaguzi wa kampuni unaweza kumpa chai. Kaunti tano zinazochanga pesa zao hazilainiki kwa chai.

Kwa bajeti ya mwaka huu lakini, hilo halitawahi. Kinachowahi ni haya: mstari wa kuzibua mitaro na kurudisha slebu, kwa wadi zote 30, uwe umeisha kabla ya Machi. Kikosi cha majini. Pampu za Mji wa Kale. Na bima ya dhima iwe na kiwango cha fidia kinachosomeka, ada ilipwe kabla ya mkataba kuanza. Magari nayo yasisahaulike; bima ya lazima ya gari ina dari ya milioni 3 kwa mtu aliyeumia, mahakama ikitoa zaidi, kilichobaki ni cha mwenye gari, na lori la taka mwenyewe ni sisi.

---

Bint Kibokoni

Ami, mimi si mtu wa kusimama ukumbini kushika kipaza sauti. Naweza kuandika tu?

---

Mzee wa Faili

Waweza, na kuandika ni bora. Maoni ya mdomo yanageuka mstari mmoja kwenye ripoti, "mkaazi alilalamikia zimamoto". Andika barua kwa Karani wa Bunge la Kaunti, ukurasa mmoja, utaje wadi yako na ukurasa wa kitabu cha bajeti unaouzungumzia. Bandika picha ya vile vigae. Peleka nakala mbili. Moja waache, moja wakupigie muhuri wa tarehe urudi nayo nyumbani.

---

Tuktuk ya Makupa

Dada nikikupeleka sikutozi, lakini nangoja nje tu, mle ndani naogopa wataniuliza leseni 😂

---

Bint Kibokoni

Jumatatu saa tatu. Usichelewe.